Idadi ya Wakatoliki Haitaunganisha Ireland

Tangu Februari 3, 2024, Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama kinachotaka kisiwa kizima kiwe nchi moja, alipochukua kiti cha Waziri Kiongozi wa Ireland Kaskazini, sehemu iliyo chini ya Uingereza, habari za kisiwa kile zimekuwa zikisimuliwa kwa hesabu moja nyepesi. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba Wakatoliki, pamoja na waliolelewa katika Ukatoliki, ni asilimia 45.7 ya wakazi wa Kaskazini, huku Waprotestanti na Wakristo wengine wakiwa asilimia 43.5. Kabla ya hapo Waprotestanti hawakuwahi kuzidiwa tangu jimbo hilo liundwe mwaka 1921. Mei 2022 Sinn Féin ikawa chama kikubwa kuliko vyote katika Bunge la Belfast. Oktoba 2025 Jamhuri ya Ireland, upande wa kusini, ikamchagua Catherine Connolly, aliyeungwa mkono na chama hicho hicho, kuwa Rais. Basi wachambuzi wengi, wa Ulaya na wa kwetu, wanajumlisha haraka: Wakatoliki wamezidi, kwa hiyo Ireland kuwa nchi moja ni suala la kungoja tarehe tu.

Naona hesabu hiyo imekosewa tangu mstari wa kwanza. Dini haikuwa kitu kilichogombaniwa Ireland. Ilikuwa alama iliyotumika kuamua nani apate ardhi, kazi, nyumba na kura. Alama hiyo sasa inafifia, na kadiri inavyofifia ndivyo idadi ya Wakatoliki inavyopoteza uwezo wa kutabiri chochote. Atakayeamua hatima ya mpaka ni mtu ambaye hesabu ya madhehebu haimwoni kabisa.

Kosa hili ni jepesi kulifanya, hasa kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu Waairishi tuliwajua kupitia mapadri na masista. Masista wa Loreto walianza kufundisha Kenya miaka ya 1920. Edel Quinn, mjumbe wa Legio ya Maria iliyoanzia Dublin, alifia Nairobi mwaka 1944 na kaburi lake liko huko. Mtu aliyesoma shule za watu hawa hawezi kulaumiwa akidhani kuwa Mwairishi na Mkatoliki ni kitu kimoja, na kwamba Mprotestanti wa Ireland lazima awe mgeni aliyepotea njia. Historia yenyewe inasema vingine.

Tuanze kabla Luther hajazaliwa. Waingereza walivuka bahari kuingia Ireland katika karne ya 12, wakati Ulaya Magharibi yote ilikuwa chini ya Papa mmoja. Mfalme Henry II alitua 1171 akiwa na hati inayohusishwa na Papa Adrian IV, Mwingereza pekee aliyewahi kuwa Papa, ya kumruhusu kwenda kulinyoosha Kanisa la Waairishi. Mwaka 1366 bunge la walowezi lililokutana Kilkenny lilipitisha sheria zilizowakataza Waingereza kuoana na Waairishi, kuwapa watoto wao walelewe nao, au kusema lugha yao. Mwairishi hakuruhusiwa hata kupokewa katika monasteri zilizokuwa kwenye maeneo ya Waingereza. Waliotunga sheria hizo walikuwa Wakatoliki, na waliofungiwa milango walikuwa Wakatoliki. Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa 1556. Malkia Mary I, yule yule aliyewachoma moto Waprotestanti Uingereza, ndiye ambaye serikali yake ilianzisha mpango wa kuwanyang'anya Waairishi wa Laois na Offaly ardhi yao na kuwagawia walowezi. Maeneo hayo mawili yakaitwa Queen's County na King's County kwa heshima yake na ya mumewe, Philip wa Hispania. Wenyeji walisali rozari ile ile aliyosali malkia, na haikuwaokoa.

Kilichokuja baadaye kilikuwa kikubwa zaidi lakini kilifuata njia hiyo hiyo. Baada ya Hugh O'Neill, bwana wa Tyrone, kukimbilia bara la Ulaya mwaka 1607, serikali ya London ilitwaa ardhi ya kaskazini na kuanzia 1609 ikawaleta Waskoti na Waingereza kwa maelfu. Hawa walikuwa Waprotestanti, na hapo ndipo dini ilipopata kazi mpya. Watu wakiishi bega kwa bega kwa vizazi viwili vitatu, lugha huchanganyika, mavazi hufanana, damu huingiliana. Ushahidi uko kwenye majina: Gerry Adams, aliyeongoza Sinn Féin kwa miaka mingi, ana jina la ukoo la Kiingereza, John Hume, mwanasiasa Mkatoliki wa Derry, alikuwa na jina la Kiskoti, na Terence O'Neill, waziri mkuu wa Kaskazini kuanzia 1963 hadi 1969 na mtetezi wa kubaki na Uingereza, alibeba jina la yule bwana wa Tyrone aliyekimbia. Serikali inayotaka kujua nani wake na nani si wake haiwezi kutegemea sura wala majina ya namna hiyo. Inahitaji kitu kinachoandikika kwenye daftari. Ubatizo uliandikika.

Kilichoandikwa kikageuka mali. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki takriban tatu ya tano ya ardhi ya Ireland. Kufikia 1703, baada ya vita vya Cromwell, jemadari wa Uingereza, na baada ya Mfalme William, Mprotestanti, kumshinda James, mfalme Mkatoliki aliyeondolewa, kwenye mto Boyne mwaka 1690, walibakiwa na kama asilimia 14. Sheria ya 1704 iliagiza shamba la Mkatoliki anayefariki ligawanywe kwa watoto wake wote wa kiume, lakini mkubwa akihamia Kanisa la Anglikana achukue lote. Ukiisoma sheria hiyo kama mwanasheria wa mirathi utaielewa upesi kuliko ukiisoma kama mwanateolojia, maana roho ya mtu haikuwa shabaha yake. Na vita vya Boyne vyenyewe, vinavyosherehekewa hadi leo kila Julai 12 kama ushindi wa Uprotestanti, vilipiganwa wakati Roma ikiwa imekorofishana na Louis XIV wa Ufaransa, mfadhili mkuu wa James. Ramani ya ugomvi wa Ulaya haikuchorwa kwa mistari ya madhehebu kama michoro ya ukutani Belfast inavyotaka tuamini.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wa hesabu ya madhehebu hulisahau. Sheria hiyo hiyo ya 1704 iliwafungia Wapresbiteri, ambao nao ni Waprotestanti, milango ya ofisi za umma, na walilazimika kulilipia zaka Kanisa la Anglikana wasilosali. Ndiyo maana Oktoba 1791, mjini Belfast, ni Wapresbiteri wafanyabiashara waliounda chama cha United Irishmen pamoja na Wolfe Tone, Mwanglikana kutoka Dublin, wakitaka jamhuri ambamo Mkatoliki, Mwanglikana na Mpresbiteri watakuwa raia tu. Henry Joy McCracken, Mpresbiteri, alinyongwa Belfast 1798 kwa kuongoza uasi wa chama hicho. Miaka mitatu kabla, katika wilaya ya Armagh ambako wakulima wa madhehebu mawili waligombea mashamba ya kukodi na soko la vitambaa vya kitani, lilizaliwa Shirika la Orange, la Waprotestanti watetezi wa utawala wa Uingereza. Karibu mwaka ule ule, jimbo lile lile la Ulster, Waprotestanti wa maeneo mawili walichagua njia mbili zinazopingana. Tofauti yao haikutoka kwenye Biblia.

Karne ya 19 ndiyo iliyogandisha kambi. Daniel O'Connell aliwaunganisha Wakatoliki kupitia parokia zao hadi wakapata haki ya kukaa bungeni mwaka 1829, na tangu hapo siasa ya umma ilipita mlangoni mwa kanisa. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua kama watu milioni moja na kuwatawanya wengine milioni. Viwanda vya kitani na meli vikastawi Belfast, kusini kukabaki kwa wakulima. Mprotestanti wa kaskazini akaona riziki yake imefungamana na Liverpool na Glasgow. Hata hivyo, kiongozi mkuu wa kudai serikali ya ndani, yaani Ireland ijitawale bila kujitenga kabisa na Uingereza, Charles Stewart Parnell, alikuwa mwenye shamba Mprotestanti. Na Roger Casement, ambaye wasomaji wa Kongo wanapaswa kumkumbuka kwa ripoti yake ya 1904 iliyoanika unyama wa utawala wa Mfalme Leopold, alizaliwa Dublin, akakulia Antrim katika mazingira ya Kiprotestanti, na akanyongwa London Agosti 3, 1916 kwa kutafuta silaha za Ujerumani ili Ireland iwe huru. Aliyoyaona Kongo yalimfanya aangalie upya alikotoka.

Kwa upande wa pili, Septemba 28, 1912, Waprotestanti karibu nusu milioni walitia saini kiapo cha kukataa serikali ya Dublin. Hao nao tusiwadharau. Walisema kwamba serikali ya ndani itakuwa serikali ya Roma, na hoja hii nimeona ikipuuzwa mno na waandishi wanaoihurumia Ireland, mimi nikiwa miongoni mwa wanaoihurumia. Ukweli ni kwamba baada ya 1922 serikali ya kusini iliwapa watu hao ushahidi mwingi. Katiba ya 1937 ilitambua nafasi maalumu ya Kanisa Katoliki, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi 1972. Talaka ilikatazwa, ikaja kuruhusiwa kwa kura ya 1995 iliyopita kwa asilimia 50.3 tu. Rais wa kwanza wa nchi, Douglas Hyde, alikuwa Mwanglikana. Alipofariki 1949, mawaziri Wakatoliki, isipokuwa mmoja, walibaki nje ya kanisa wakati wa ibada ya mazishi kwa sababu kanuni za kanisa lao ziliwakataza kuhudhuria. Fikiria familia ya Kiprotestanti ikisoma habari hiyo gazetini Belfast. Mwaka 1957, katika kijiji cha Fethard-on-Sea, Wexford, Wakatoliki walisusia maduka ya majirani zao Waprotestanti kwa sababu mama mmoja Mprotestanti alikataa watoto wake wasome shule ya Kikatoliki. Éamon de Valera, waziri mkuu na Mkatoliki wa kweli, alilaani hadharani ususiaji huo, lakini kwamba ulitokea ni jambo la kukubali.

Kwa hiyo wanaosema dini haikuhusika hata kidogo wanakosea pia. Kanisa lilishika shule na ndoa, na anayeshika shule na ndoa anashika namna jamii inavyojizaa upya. Watoto wa Kaskazini hadi leo wengi wao husoma shule za upande wao. Shule zilizoundwa rasmi kuchanganya pande mbili, za kwanza zikiwa zimeanza 1981, zina chini ya mwanafunzi mmoja kati ya kumi. Lakini kushika shule kunaeleza jinsi kambi zilivyodumu. Hakuelezi kambi zilikuwa zinagombea nini.

Kaskazini zilikuwa zinagombea nyumba za halmashauri, ajira za serikali na kura. Derry ulikuwa mji wenye Wakatoliki wengi, lakini mipaka ya kata ilichorwa kiasi kwamba chama cha Muungano na Uingereza kilipata madiwani wengi kila uchaguzi. Kura za serikali za mitaa zilipigwa na wenye nyumba na wake zao, na sharti hilo liliwanyima kura hata Waprotestanti maskini waliopanga vyumba. Waandamanaji wa Oktoba 5, 1968 walipopigwa virungu Derry, mabango yao yalidai nyumba, kazi na kura moja kwa kila mtu. Yaliyofuata yaliua zaidi ya watu 3,500 katika miaka 30. Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwaua kwa risasi waandamanaji 13 Derry, wa 14 akafa baadaye. Januari 4, 1976, familia mbili za Wakatoliki katika Armagh zilishambuliwa majumbani mwao na sita wakafa. Kesho yake, karibu na Kingsmill, watu wenye bunduki walisimamisha basi dogo la wafanyakazi waliokuwa wakitoka kazini na kuuliza nani kati yao ni Mkatoliki. Alikuwa mmoja. Wenzake Waprotestanti, wakidhani wenye bunduki ni wanamgambo wa Kiprotestanti waliokuja kumuua, walijaribu kumzuia asijitaje. Akaambiwa akimbie. Waliobaki wakapigwa risasi, kumi wakafa.

Siwezi kuandika juu ya Ireland bila kusimama hapo. Muuaji aliuliza dini kwa sababu dini ndiyo iliyomwambia mtu yule yuko kambi gani. Hakuuliza anaamini nini kuhusu Ekaristi. Na wale waliojaribu kumficha mwenzao walikuwa wamefanya naye kazi, wakamjua kwa jina, na alama ile ikawa haina nguvu kwao.

Wanaoshikilia kwamba ugomvi ulikuwa wa imani hasa humtaja Ian Paisley, mchungaji aliyeanzisha kanisa lake mwenyewe mwaka 1951 na DUP, chama cha kutetea Muungano na Uingereza, mwaka 1971, na ambaye mwaka 1988 alimzomea Papa John Paul II ndani ya Bunge la Ulaya. Ni mfano mzuri, lakini unathibitisha kinyume. Mei 2007 Paisley alikubali kuongoza serikali pamoja na Martin McGuinness, kamanda wa zamani wa IRA, jeshi la siri lililopigania Ireland moja. Mahubiri yake juu ya Roma hayakuwa yamebadilika. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba Sinn Féin ilikubali polisi na mahakama za Kaskazini mwezi Januari mwaka huo, na IRA ilikuwa imeharibu silaha zake mwaka 2005. Imani ingekuwa kikwazo chenyewe, mapatano yale yasingewezekana.

Upande wa Wakatoliki nao una ushahidi wake. Mpasuko uliotawala siasa za kusini kwa karibu karne nzima ulikuwa kati ya Wakatoliki kwa Wakatoliki. Mkataba na London wa Desemba 1921, ulioipa kusini kujitawala lakini si uhuru kamili, uliwagawa wapiganaji waliokuwa wakilala pango moja. Michael Collins aliuawa Agosti 22, 1922 na vijana wa Cork, mkoa wake mwenyewe, na serikali mpya ikawapiga risasi wafungwa zaidi ya 70. Maaskofu waliwanyima sakramenti waliopinga mkataba, nao wakaendelea kupigana na baadaye wakarudi kanisani. Fianna Fáil na Fine Gael, vyama vilivyotokana na pande hizo mbili, havikuunda serikali ya pamoja hadi 2020.

Sasa turudi kwenye hoja ya idadi, ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayosikika zaidi. Sensa ile ile ya 2021 iliwauliza watu wanajiona taifa gani, nao waliruhusiwa kuchagua zaidi ya moja. Waliojitaja kuwa Waairishi, peke yake au pamoja na utambulisho mwingine, walikuwa asilimia 33.3. Linganisha na asilimia 45.7 ya Wakatoliki, uone pengo. Waliojitaja Waingereza walikuwa asilimia 42.8, na waliosema wao ni watu wa Ireland Kaskazini asilimia 31.5. Angalia pia kura. Mwaka 1998 Sinn Féin na SDLP, vyama viwili vikuu vya kambi ya Ireland moja, vilipata jumla ya asilimia 39.6. Mwaka 2022, wakati Sinn Féin inashangiliwa duniani kote, viwili hivyo vilipata asilimia 38.1. Wakatoliki waliongezeka, kura zao hazikuongezeka. Kilichoporomoka ni kambi ya Muungano, na waliotoka huko hawakuvuka kwenda upande wa pili. Chama cha Alliance, kisichojiweka upande wowote kwenye suala la mpaka, kilitoka asilimia 6.5 hadi 13.5.

Hata cheo cha O'Neill kinasomwa vibaya. Waziri Kiongozi na naibu wake, Emma Little-Pengelly wa DUP, wana mamlaka sawa, na mmoja akijiuzulu mwingine naye hawezi kubaki. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 10, 1998, mkataba wa amani wa Kaskazini, uliundwa hivyo kwa makusudi. Na wabunge wa Belfast hujiandikisha kwa msimamo wa kisiasa: Muungano, Ireland moja, au wengineo. Hakuna anayeulizwa amebatizwa wapi. Waandishi wa mkataba waliuelewa ugomvi kuliko wanaouripoti leo.

Kuhusu kura ya maoni ya kuunganisha Ireland, mkataba unasema Waziri wa Uingereza anayesimamia Ireland Kaskazini lazima aiitishe akiona kuna uwezekano wa wengi kutaka kuungana, na nusu ya kura pamoja na moja inatosha. Marehemu Seamus Mallon wa SDLP, mtu aliyepigania Ireland moja maisha yake yote, alionya mwishoni mwa uhai wake kwamba ushindi mwembamba namna hiyo utazaa nchi yenye jamii kubwa isiyoitaka. Onyo lake ni la kweli. Lakini kubadili kizingiti sasa ni kusema kura ya anayetaka kubaki ina uzito kuliko ya anayetaka kuondoka, na watu wa Derry walikwisha kuishi chini ya mfumo wa kura zisizolingana. Kizingiti kibaki. Kinachohitaji kubadilika ni utaratibu: Brexit, kura ya 2016 ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ambayo asilimia 55.8 ya wapiga kura wa Kaskazini waliikataa, ilionyesha madhara ya kuwauliza watu ndiyo au hapana kabla hawajaambiwa ndiyo ina nini ndani.

Hapo ndipo mpiga kura asiye na kambi anapoingia. Anaweza kuwa Mkatoliki aliyeacha kwenda misa, au mjukuu wa mtu aliyetia saini kile kiapo cha 1912, au mhamiaji aliyepata uraia. Huyu atataka kujua kama atamwona daktari bure, kama ilivyo Kaskazini, au atalipa kama wanavyolipa wakazi wengi wa kusini. Atauliza pensheni yake italipwa na nani, na nani ataziba mabilioni ya pauni ambayo London hupeleka Belfast kila mwaka. Ataangalia pia kusini ya leo, ambayo ilipitisha ndoa za jinsia moja 2015 na utoaji mimba 2018, na ambako Wakatoliki wameshuka hadi asilimia 69 katika sensa ya 2022. Hofu ya serikali ya Roma imekwisha sababu. Wakati huo huo, baadhi ya Wakatoliki wahafidhina wa Kaskazini hawaioni tena Dublin kama nyumbani kwao.

Na mistari mipya inachorwa. Agosti 2024, katika maandamano dhidi ya wahamiaji Belfast, bendera ya Jamhuri ya Ireland na ya Uingereza zilibebwa pamoja, na maduka ya wageni yakachomwa. Wanaosubiri idadi ya Wakatoliki iwafanyie kazi wajiulize mtu aliyefungua duka lile, Mwislamu au Mkristo wa kutoka Afrika, wamemwekea nafasi gani katika hiyo Ireland moja, maana naye ana kura au watoto wake watakuwa nayo.

Serikali ya Dublin ilianzisha mfuko wa Shared Island (Kisiwa cha Pamoja) mwaka 2020 na imejenga kwa fedha hizo mambo ya maana mpakani. Bado haijatoa andiko moja la serikali linalosema shule zitaendeshwaje, hospitali zitaunganishwaje, Bunge la Belfast litabaki au litavunjwa, na Mprotestanti anayejiona Mwingereza atalindwa na kifungu gani cha katiba. Andiko hilo ndilo linalopaswa kutangulia tarehe ya kura. Sinn Féin ikiendelea kudai tarehe kabla ya andiko, itakuwa inamwomba yule mwananchi wa kati aamue kwa kuangalia alikobatizwa babu yake, na kura za tangu 1998 zinaonyesha kwamba idadi inayokubali kuamua hivyo haijapita pale ilipokuwa.